Mitindo ya mavazi ya vijana

Mitindo ya mavazi ya vijana ni namna za kuvaa zinazoenea miongoni mwa watu wa rika la ujana kwa kipindi fulani, kisha hubadilika au kuachwa. Huhusisha nguo, viatu, kofia, mapambo na mara nyingi nywele pia. Mitindo hiyo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, ingawa siku hizi tofauti haiko sana katika nguo zenyewe. Suruali ya jinzi, fulana na raba huvaliwa na vijana wa Dar es Salaam, Tokyo, Paris na Los Angeles. Kinachotofautiana zaidi ni maana ya vazi machoni pa watu, njia linayopitia hadi kumfikia kijana, na nani mwenye uwezo wa kumkataza asilivae: mzazi, mwalimu, kiongozi wa dini, askari polisi, au kundi la watu katika kituo cha basi.

Kwa sababu hiyo historia ya mavazi ya vijana ni pia historia ya ugomvi. Vazi lilelile limempatia mtu nishani katika nchi moja na kipigo katika nchi nyingine.

Asili

Vazi la pekee la vijana si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Kwa Wamaasai, morani alitambulika kwa nywele ndefu zilizosukwa na kwa rangi nyekundu aliyojipaka mwilini, na alipoingia rika la wazee alinyolewa. Lakini vazi la morani lilipangwa na jamii nzima, na kila mtu alijua litavaliwa lini na litavuliwa lini. Mtindo wa kisasa huchaguliwa na vijana wenyewe, mara nyingi bila idhini ya wakubwa, na hapo ndipo matatizo huanza.

Mitindo ya namna hii ilionekana wazi katika nchi za viwanda kuanzia miaka ya 1940, vijana walipoanza kupata mshahara au fedha za matumizi mapema na kuishi pamoja mijini. Mojawapo ya mifano ya mwanzo ni suti ya zuti nchini Marekani: koti refu lenye mabega mapana, na suruali pana iliyobana kwenye kifundo cha mguu. Ilipendwa na vijana Wamarekani weusi na wale wenye asili ya Meksiko. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali iliweka mipaka juu ya matumizi ya kitambaa, hivyo suti yenye kitambaa kingi ilionekana kama dharau kwa taifa lililo vitani. Mnamo Juni 1943 mabaharia na askari mjini Los Angeles walizunguka mitaani kwa siku kadhaa wakiwapiga vijana hao na kuwavua suti zao hadharani. Wengi wa waliokamatwa na polisi walikuwa waliopigwa, si waliopiga.

Katika Uingereza ya miaka ya 1950 walitokea vijana walioitwa Teddy Boys. Hao walikuwa watoto wa wafanyakazi waliovaa makoti marefu yenye ukosi wa mahameli, kwa kuiga mavazi ya mabwana wa zama za mfalme Edward VII. Wakati huohuo katika Umoja wa Kisovyeti walikuwepo vijana walioitwa stilyagi, waliopenda muziki wa jazi, makoti ya rangi kali na suruali za kubana. Doria za jumuiya ya vijana ya chama cha kikomunisti ziliwakamata na kuwakata nywele, na pengine kuzipasua suruali zao. Marekani vazi la kubana la namna hiyo lisingemshtua mtu. Moscow lilihesabiwa kuwa ni usaliti.

Jinzi yenyewe ina safari ndefu. Mshonaji Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1873, kwa ajili ya suruali imara ya kazi iliyokazwa kwa misumari midogo ya shaba. Kwa zaidi ya nusu karne ilikuwa nguo ya wachimba migodi, wachunga ng'ombe na mafundi. Iligeuka kuwa vazi la vijana katika miaka ya 1950, hasa baada ya waigizaji wa filamu kama James Dean kuonekana wakiivaa. Shule kadhaa za Marekani ziliipiga marufuku. Katika nchi za kikomunisti za Ulaya iliuzwa kwa magendo, na bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mfanyakazi wa kawaida.

Kimini na pekosi

Hakuna vazi linaloonyesha tofauti za nchi vizuri kuliko kimini, yaani sketi au gauni linaloishia juu ya goti. Kilienea London katikati ya miaka ya 1960. Mbunifu Mary Quant, aliyekuwa na duka katika mtaa wa King's Road, huhesabiwa kuwa ndiye aliyekipa umaarufu, ingawa Wafaransa humtaja André Courrèges, na Quant mwenyewe alisema wasichana wa mtaani ndio waliotaka sketi fupi zaidi. Mwaka 1966 alitunukiwa nishani na Malkia Elizabeth II.

Miaka miwili tu baadaye kimini kilikuwa jambo la serikali nchini Tanzania. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana, ambayo ingeanza tarehe 1 Januari 1969. Ilikataza vimini, mawigi, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana, kwa hoja kwamba vitu hivyo vilikuwa mabaki ya ukoloni na havikufaa utamaduni wa taifa linalojenga ujamaa. Hata kabla ya tarehe hiyo, makundi ya vijana wa kiume katika eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, yaliwashambulia wanawake waliovaa nguo fupi au za kubana, na kuwashusha wengine kutoka kwenye mabasi.

Kampeni hiyo ilizua mjadala mkubwa magazetini. Waliounga mkono walisema kimini kinamdhalilisha mwanamke wa Kiafrika. Waliopinga waliuliza swali ambalo halikupata jibu rahisi: ikiwa vazi la kigeni ni kosa, mbona suti na suruali za wanaume zinaruhusiwa? Na ikiwa utamaduni wa asili ndio kipimo, mbona katika miaka ileile serikali ilikuwa ikiwalazimisha Wamaasai waache lubega na kuvaa suruali? Kwa hakika sera hizo mbili zilikwenda pamoja. Msichana wa mjini aliambiwa amevaa kisasa kupita kiasi, na morani akaambiwa hajavaa kisasa vya kutosha.

Tanzania haikuwa peke yake. Serikali ya Idi Amin nchini Uganda ilipiga marufuku vimini mwaka 1972. Nchini Malawi, chini ya Rais Hastings Kamuzu Banda, sheria ya mwaka 1973 iliwakataza wanawake kuvaa suruali na sketi zisizofunika magoti. Wanaume walikatazwa kufuga nywele ndefu na kuvaa suruali zilizopanuka chini. Sheria hiyo iliwahusu wageni pia. Ilidumu karibu miaka 20, na iliondolewa pamoja na utawala wa chama kimoja. Nje ya Afrika, Korea Kusini ya Rais Park Chung-hee ilifanya jambo linalofanana sana: kuanzia mwaka 1973 polisi walisimama barabarani wakipima urefu wa sketi kwa rula, na kuwakata nywele wavulana waliozifuga. Tawala hizo hazikufanana kwa siasa, maana mojawapo ilikuwa ya kijamaa, nyingine ziliuchukia ukomunisti. Zilichofanana ni kwamba kila moja ilidai kuwa na haki ya kuamua sura ya kijana.

Suruali zilizopanuka chini, ambazo Tanzania ziliitwa pekosi au bugaluu, zilifuata mkondo huohuo katika miaka ya 1970. Zilivaliwa pamoja na viatu vya soli nene vilivyoitwa raizoni, na fulana au shati la kubana. Muziki wa soul kutoka Marekani na picha katika magazeti na majumba ya sinema ndivyo vilivyozileta. Leo wazee wengi waliozivaa ndio wanaolalamika juu ya mlegezo, ule uvaaji wa suruali chini ya kiuno ambao Watanzania huuita pia kata K.

Marufuku ya miaka ya 1970 yamekwisha, lakini ugomvi haukwisha. Mnamo Januari 2012 wachuuzi mjini Lilongwe waliwavua nguo wanawake waliovaa suruali na vimini, na Rais Bingu wa Mutharika alilazimika kutangaza kwamba wanawake wako huru kuvaa wanavyotaka. Nchini Uganda sheria dhidi ya ponografia iliyotiwa saini Februari 2014 ilijulikana na watu kama sheria ya vimini, ingawa maandishi yake hayakuitaja sketi popote. Hilo halikuzuia makundi ya watu kuwashambulia wanawake mitaani kwa kisingizio cha sheria hiyo. Mahakama ya Katiba ilibatilisha sehemu zake kuu mwaka 2021.

Nchini Kenya, mnamo Novemba 2014, mwanamke mmoja alivuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu jijini Nairobi, kwa madai kwamba sketi yake ilikuwa fupi. Video ya tukio hilo ilisambaa. Tarehe 17 Novemba mamia ya wanawake, na wanaume pia, waliandamana katikati ya jiji kwa kaulimbiu iliyomaanisha "vazi langu ni chaguo langu". Wengine walijibu kwa kaulimbiu ya kuwaunga mkono waliomvua. Kabla ya mwisho wa mwaka huo Bunge liliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 251A, kinachotaja kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 10. Hivyo katika muda wa chini ya miaka 50 sheria katika Afrika ya Mashariki ilihama kutoka kumlenga anayevaa hadi kumlenga anayemvua mwenzake.

Kongo na Afrika Kusini

Mfano ulio kinyume kabisa unatoka Brazzaville na Kinshasa, miji mikuu miwili inayotazamana kuvuka Mto Kongo. Huko uasi wa vijana haukuvaa nguo fupi wala zilizochanika, bali suti, tai na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Wafuasi wa mtindo huo huitwa wasapeur, na jumuiya yao La Sape. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya "Jumuiya ya wachangamshaji na watu wanadhifu", na pia ni mchezo wa maneno, kwa kuwa "sape" katika Kifaransa cha mtaani ni nguo.

Mizizi yake iko katika zama za ukoloni, watumishi wa majumbani walipopewa na waajiri nguo kuukuu badala ya sehemu ya ujira, nao wakazivaa kwa ustadi kuliko wenyewe. Katika miaka ya 1970 mtindo huo ulipata nguvu miongoni mwa vijana wasio na kazi wa mtaa wa Bacongo mjini Brazzaville. Ng'ambo ya pili ya mto, nchini Zaire, Rais Mobutu Sese Seko alikuwa ameanzisha siasa ya kurudi kwenye uasilia. Tai ilikatazwa, na wanaume wakatakiwa kuvaa abakosti, koti lisilohitaji tai, ambalo jina lake limetokana na maneno ya Kifaransa yanayomaanisha "chini suti". Katika hali hiyo kijana aliyepita Kinshasa na suti ya Kifaransa alikuwa akisema jambo la siasa bila kufungua mdomo. Mwanamuziki Papa Wemba (1949–2016), aliyeanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977 katika mtaa wa Matonge, ndiye aliyeueneza mtindo huo kwa vijana wa Zaire nzima kwa mavazi yake na kwa kuwahimiza wawe safi na wanadhifu.

Msapeur ana kanuni. Rangi katika mavazi yake zisizidi tatu. Nguo iwe ya mbunifu anayejulikana, na mvaaji aweze kumtaja. Mwendo, namna ya kushika fimbo au kiko, na namna ya kufungua koti ili bitana ionekane, vyote ni sehemu ya uvaaji. Ugomvi wa mikono ni aibu. Ushindani ni wa maonyesho. Wengi wao si matajiri. Jozi moja ya viatu vya Weston inaweza kugharimu mapato ya miezi mingi, kwa hiyo nguo huazimwa, hukodishwa na kubadilishwa kati ya marafiki. Wakosoaji, wakiwemo Wakongo wengi, huuliza kwa nini mtu anayelala chumba cha kupanga avae suti ya thamani kuliko samani zake zote. Wasapeur hujibu kwamba suti ndiyo heshima ambayo nchi iliwanyima kwa njia nyingine. Siku hizi wako wanawake na hata watoto wanaofuata mtindo huo, na Wakongo wa ughaibuni wameupeleka Paris na Brussels, ambako kuna mtaa unaoitwa Matonge kwa jina la ule wa Kinshasa.

Afrika Kusini ina mapokeo yake. Vijana wa pantsula katika vitongoji vya Johannesburg walijitambulisha kwa densi ya miguu myepesi, kofia za kitambaa, suruali za Dickies na raba za Converse. Mnamo mwaka 2012 hivi magazeti ya nchi hiyo yalijaa habari za izikhothane, makundi ya vijana wa vitongoji walioshindana kwa kuharibu vitu: walichana na kuchoma moto nguo na viatu vya bei kubwa, na kumwaga kastadi chini, wenzao wakiwashangilia. Msapeur huitunza suti kwa miaka. Mkhothane alionyesha uwezo wake kwa kuichoma. Wote wawili walitoka katika nyumba maskini.

Japani na suala la sare

Katika nchi nyingi kijana hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa amevaa sare ya shule, na mtindo hulazimika kupita katika nafasi ndogo inayobaki. Shule nyingi za serikali za Ujerumani, Ufaransa na Marekani hazina sare, hivyo mashindano ya nguo na majina ya kampuni hufanyika darasani kila siku. Tanzania, Kenya, Uganda na Japani zina sare, na vijana wake wamekuwa mafundi wa mambo madogo: urefu wa soksi, namna ya kukunja mikono ya shati, sweta la kufunga kiunoni, sketi iliyopandishwa kwa kukunjwa kiunoni baada ya kutoka getini.

Japani ndiyo nchi ambayo michezo hii imefika mbali zaidi. Sare ya wavulana iliigwa kutoka kwa mavazi ya jeshi la Prussia, na ile ya wasichana, yenye ukosi wa baharia, kutoka kwa jeshi la maji la Uingereza. Katika miaka ya 1970 wasichana watukutu walioitwa sukeban walijitenga na wengine kwa kurefusha sketi zao hadi karibu na vifundo vya miguu. Jambo hili linastahili kuzingatiwa: wakati Malawi ilipokuwa ikikamata watu kwa sketi fupi, walimu wa Japani walikuwa wakipambana na sketi ndefu. Katika miaka ya 1990 hali iligeuka. Wasichana walioitwa kogyaru walizifupisha sketi zao na kuvaa soksi nyeupe pana zilizojikunja kama akordioni juu ya viatu, na madukani iliuzwa gundi maalumu ya kuzishikiza soksi hizo mguuni zisishuke.

Nje ya shule, mahali palipojulikana zaidi ni Harajuku, eneo la Tokyo lililo karibu na hekalu la Meiji. Kila Jumapili barabara moja ya hapo ilifungwa kwa magari, na vijana walikusanyika wakiwa wamevaa mavazi waliyoyabuni, kuyashona au kuyaunga wenyewe. Mtindo wa Lolita, kwa mfano, hutumia magauni mapana yenye marinda na lesi, soksi ndefu na kofia za utepe, kwa kuiga mavazi ya watoto na mabibi wa Ulaya ya karne ya 19. Humfunika mvaaji karibu mwili mzima. Mgeni anayedhani kwamba mtindo wa vijana lazima uwe wa kuonyesha mwili hupata shida kuuelewa. Utaratibu wa kuifunga barabara ulikomeshwa mwaka 1998. Jarida la FRUiTS, lililoanzishwa mwaka 1997 na mpigapicha Shoichi Aoki ili kurekodi mavazi hayo, liliacha kuchapishwa mwaka 2017. Mwenyewe alieleza kwamba hapakuwa tena na vijana wa kutosha wa kupiga picha. Wengi walikuwa wamehamia nguo za bei nafuu za maduka makubwa, na kuonyeshana mavazi kumehamia kwenye simu.

Dini na mavazi

Katika nchi za Ghuba vazi la asili halikuachiwa wazee. Kijana wa Oman huvaa dishdasha, kanzu ndefu yenye kishada shingoni ambacho hutiwa manukato, na kumma, kofia iliyotariziwa matundu madogo. Kofia hiyo ni ndugu wa kofia ya viua ya Zanzibar, Lamu na Mombasa, kwani pwani hizi mbili zimebadilishana watu na bidhaa kwa karne nyingi. Mtindo huonekana katika rangi ya kanzu, nakshi za kofia na ubora wa kitambaa.

Mchango wa Ghuba katika pwani ya Afrika ya Mashariki unaonekana zaidi kwa wasichana. Buibui la kamba la bibi zao limeachwa kwa sehemu kubwa, na mahali pake imekuja abaya kutoka Dubai, yenye mawe, nakshi au mikono mipana, ambayo mara nyingi huachwa wazi mbele juu ya jinzi. Kwa msichana wa Mombasa abaya mpya ni pambo la Idi na harusi, na pia ni ustara.

Nguo hiyohiyo katika shule ya serikali nchini Ufaransa ni kosa. Sheria ya mwaka 2004 ilikataza wanafunzi kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi, na kabla ya shule kufunguliwa mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba marufuku hayo yanahusu abaya pia. Nchini Iran mambo ni kinyume: wanawake wamelazimishwa kisheria kufunika nywele tangu miaka ya mwanzo baada ya mapinduzi ya mwaka 1979. Mnamo Septemba 2022 msichana wa miaka 22, Mahsa Amini, alikufa akiwa mikononi mwa polisi wa maadili waliomkamata kwa jinsi alivyovaa hijabu. Maandamano yaliyofuata yalienea nchi nzima, na mamia ya watu waliuawa.

Jinsi nguo zinavyowafikia vijana

Kijana wa Stockholm au Toronto hununua mtindo mpya katika duka la kampuni kubwa, au kwa kuagiza kwenye intaneti. Nguo zimeshonwa Bangladesh, China au Vietnam, na maelfu ya wenzake wananunua ileile wiki hiyohiyo. Kijana wa Afrika ya Mashariki ana njia tatu: nguo mpya zinazoletwa na wafanyabiashara kutoka Guangzhou, Dubai na Istanbul, kitenge au kitambaa kingine kinachopelekwa kwa fundi cherehani, na mitumba.

Mitumba, neno ambalo kwa asili lina maana ya mafurushi, ni nguo zilizokwishavaliwa Ulaya, Marekani na Asia. Nchini Tanzania zilienea baada ya biashara ya nje kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, na watu walizitania kwa jina la kafa Ulaya, wakidhani wenyewe wamekufa. Waghana walifikiri vivyo hivyo: jina lao, obroni wawu, linahusu nguo za mzungu aliyekufa. Wazambia huziita salaula, yaani kuchagua kwa kuchambua rundo. Katika masoko ya Gikomba jijini Nairobi, Owino jijini Kampala na Karume jijini Dar es Salaam, robota likifunguliwa nguo bora huchukuliwa kwanza na wauzaji wanaojua mtindo, nao huziuza mjini au kwenye kurasa zao za Instagram. Kinachobaki hushuka bei hadi jioni.

Njia hii imeunda uvaaji wenye tabia yake. Robota halileti nguo mbili zinazofanana, kwa hiyo mvaaji hodari ni yule mwenye jicho la kuchagua na fundi wa kupunguza, si mwenye fedha nyingi. Vijana wa London na Paris, ambao sasa hulipa bei kubwa kwa nguo za miaka ya 1990 katika maduka ya nguo kuukuu, wamefika mahali ambapo vijana wa Gikomba wamekuwepo muda wote.

Upande wa pili ni viwanda. Viwanda vingi vya nguo vya Tanzania, Kenya na Uganda vilidhoofika au kufungwa kuanzia miaka ya 1980, na mitumba hutajwa kuwa mojawapo ya sababu, pamoja na umeme, mitambo mikuukuu na nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni kwa hatua hadi mwaka 2019. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika, na serikali yao ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda peke yake, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zilipoteza nafuu hiyo katika soko la Marekani. Kijana wa Kigali alianza kuvaa nguo zilizoshonwa nchini au China, kwa bei ya juu kuliko mwenzake wa Kampala.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Nchi zenye majira manne hulazimisha kijana kuwa na nguo za aina mbili au tatu, na majira yakibadilika za zamani hutolewa. Ndiyo maana marobota yanayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam, mji wa joto karibu mwaka mzima, huwa na makoti mazito ya theluji. Sehemu yake hupelekwa Njombe, Makete na Mbeya, ambako baridi ni kali. Mengine huishia kwa waendesha bodaboda, ambao huyavaa kinyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani, ili kukinga upepo.